Shaba Niliyoichoma Mimi

Mimi ni mwepesi wa mkono. Nasema mapema, mtu asije akadhani nasimulia habari za binti mpole aliyeonewa na dunia. Shule ya msingi nilimvunja mwenzangu jino kwa ajili ya kiti. Chuo cha ufundi, mwaka wa mwisho, nilimzaba kofi mwanafunzi wa kiume mbele ya mwalimu, kwa kuwa aliegemea meza yangu akapinda nguzo tatu za waya nilizokuwa nimezinyoosha asubuhi nzima. Mwalimu alinitoa nje. Nilikaa ukumbini na hasira yangu, na yule bwana angenifuata kuniomba radhi ningemwongeza la pili.

Nguzo zile zilikuwa za mchemraba wangu. Kila mwanafunzi alitakiwa kutetea kazi moja ya mikono yake mbele ya walimu watano, na asiyefaulu harudi nyumbani na cheti. Nilichagua mchemraba wa taa: LED nane kwenda mbele, nane kwenda pembeni, nane kwenda juu, mia tano kumi na mbili kwa jumla, zote chini ya amri ya chipu moja, mikrokontrola yenye miguu ishirini na nane. Miguu ishirini na nane haiwezi kushika taa mia tano, hilo halihitaji shule. Ujanja ni kuzipanga kama jengo. Taa za ghorofa moja zote zinashika waya mmoja, na taa za nguzo moja zote zinashika waya mwingine. Ukitaka kuwasha taa fulani, unaita ghorofa yake na nguzo yake. Chipu, ikisaidiwa na wenzake wadogo wa kugawa ishara, inawasha ghorofa ya kwanza, inaizima, inawasha ya pili, inaizima, mpaka ya nane, halafu inaanza upya, mbio sana hata jicho linadanganyika na kuona jengo zima linawaka pamoja. Kwa kweli, nukta yoyote utakayolitazama, ghorofa saba ziko gizani.

Tatizo lilikuwa miguu ya LED. Nilitaka jengo kubwa, lionekane na mwalimu aliyekaa mwisho wa chumba, na miguu ile ni mifupi, haifikiani. Nilihitaji waya mgumu, mwembamba, ulionyooka kabisa. Waya wa namna hiyo nilijua pa kuupata, kwa maana baba yangu ni fundi wa shaba.

Anafua bamba za shaba kwa nyundo ndogo mpaka zinatoa picha: swala, wanawake wanaotwanga, uso wa mtu aliyefumba macho. Nyumba kadhaa za Karavia, mtaa wa wenye nacho, zina kazi yake ukutani, na wageni wakiuliza wanaambiwa ni ya mzee mmoja wa Katuba, mtaa wetu, basi. Sisi asili yetu ni mkoa wa Maniema, Waislamu, na kwetu ufundi wa mikono unarithiwa kama wengine wanavyorithi shamba. Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na minne. Tangu hapo tulikuwa wawili tu uani, yeye na nyundo yake, mimi na chuma changu cha kulehemu, tukigombana kila siku ya Mungu kwa sauti ambayo majirani waliizoea kama wanavyozoea jogoo.

Mwenye nyumba mmoja wa huko Karavia alibadilisha nyaya zote za ukutani, na zile kuukuu akampa baba bure, mzigo mzima, badala ya kuzitupa. Ndani ya maganda yake ya mpira yaliyokauka kulikuwa na shaba safi, waya mmoja mmoja, unene wa sindano ya kushonea magunia. Mtu mwingine angechukua kisu akachuna mpira polepole. Sisi hatufanyi hivyo. Kisu kinaacha mkwaruzo, na shaba yenye mkwaruzo ukiipinda inakatika hapo hapo. Mtoto wa fundi wa shaba anajua kwamba shaba inatiwa motoni kwanza. Moto unaondoa mpira na unailainisha. Kisha unafunga ncha moja kwenye jiliwa, unashika nyingine kwa koleo, unavuta kwa uzito wa mwili mpaka unasikia imekubali kidogo tu. Inatoka imenyooka kama imepigwa rula, na ugumu wake umerudi. Halafu unaisugua kwa limau na chumvi mpaka weusi utoke, la sivyo risasi ya kulehemu haishiki.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa nikiwa na miaka saba, na ndivyo nilivyofanya Jumamosi ile, saa nne asubuhi, nikawasha moto katikati ya ua na kutupa humo mzigo mzima wa nyaya.

Sikufikiri. Mtu mwenye hasira hafikiri, na mimi wiki ile nilikuwa na hasira na kila kitu, kwa sababu mtaa wetu ulikuwa haujaona umeme siku ishirini na mbili, na chuma changu cha kulehemu nilikuwa nakipasha kwenye makaa kama mtu wa zamani. Umeme ulikatika kwa kuwa wezi walikata kable inayotoka kwenye kabine, kile kijumba cha transfoma karibu na shule. Ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza watu wa mtaa walichangishana, wakanunua kable nyingine, wakachimba mtaro wenyewe, na wanawake wakaikokota kwa mikono kutoka barabarani kwa sababu gari halikuweza kuingia. Ilidumu miezi miwili. Sasa kinu cha kusagia mahindi kilikuwa kimelala, vinyozi wamelala, watoto wanasoma kwa mshumaa, na kila mtu mtaani alikuwa anamtafuta mtu wa kumla nyama.

Na katika mji huu, moshi wa kable inayochomwa hauna ndugu. Ni mweusi, mzito, unakaa kooni. Mtu akiusikia tu anajua kuna mtu anatoa shaba. Nilikuwa na koleo mkononi, macho yananitoka machozi, moshi unapanda juu ya paa letu na kuelekea kwenye kinu, na mimi najisemea kwamba kufika saa tisa nitakuwa nimenyoosha nguzo zote zilizobaki.

Walikuja bila kupiga hodi. Kwanza mwenye kinu, jirani yetu wa nyumba ya tatu, mtu mnene ambaye kila Idi tulimpelekea sahani naye kila Krismasi alituletea soda. Nyuma yake wanaume kumi, kisha thelathini, kisha sikuhesabu tena. Geti letu la bati lilianguka na watu wakalikanyaga kuingia. Mmoja aliupiga moto teke, nyaya zikatawanyika zikiwa nyekundu, mtu akaungua mguu na kupiga yowe, na lile yowe likawapandisha wengine mori. Waliingia chumbani mwangu. Walitoka na mchemraba, ghorofa nne nilizokuwa nimezimaliza, LED mia mbili hamsini na sita nilizozilehemu mbili mbili kwa chuma cha makaa, wakaunyanyua juu watu wauone kama watu wanavyoonyesha nyoka aliyeuawa. Kijana mmoja akasema ni chombo cha kunasia umeme. Mwingine akautupa chini na kuukanyaga kwa kiatu cha mgodini.

Mwenye kinu aliokota waya mmoja uliopoa, mweusi, akauinua.

"Nani njo aliunguza hii?" aliuliza; mtaani kwetu njo ni ndiye.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni. Mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Nikaiingiza ndani ya kitenge nilichojifunga, nikaikunja humo.

"Niliuliza: nani njo aliunguza?"

Sasa niseme nilichokuwa nacho kichwani, kwa kuwa nimekaa nacho miaka na sitaki kukibeba tena. Nilikuwa na maneno yote. Nilikuwa mwanafunzi wa umeme mwaka wa mwisho. Nilijua, kuliko mtu yeyote uani pale, kwamba kable ya kabine ni nene na ina nyuzi nyingi zilizosokotwa, na kwamba waya alioushika ni wa ukutani, wa taa ya chumbani, haungeweza kubeba hata robo ya mtaa bila kuyeyuka. Sentensi mbili. Mtoto angeelewa. Mimi ambaye sikuwahi kumnyamazia mtu, ambaye nilimtukana askari wa barabarani mbele ya gari lake, nilisimama pale, na nilichofikiria ni kimoja tu: wasiione mikono yangu.

Akauliza mara ya tatu.

Baba alitoka chumbani kwake na kanzu ya nyumbani, miwani ya kazi bado iko kwenye paji la uso. Alitazama geti, akatazama moto, akanitazama mimi, akatazama kitenge changu.

"Mi njo niliunguza," alisema. "Iko shaba ya kazi yangu. Munanijua bote."

Hakumaliza. Fimbo ya kwanza ilimpata mdomoni. Ya pili sikuona ilitoka wapi, nilimwona tu amepiga magoti. Walimpiga kwa mpini wa jembe, kwa mikanda, kwa matofali yaliyokuwa yameegemezwa ukutani kwa ajili ya choo kipya. Mwanamke niliyemjua, aliyewahi kunisuka nywele, alivua kandambili akampiga nayo usoni, na kandambili inaonekana kama mzaha mpaka umwone mtu anaipiga kwa nguvu zake zote. Kanzu ilichanika mgongoni. Baba alijikunja, akaweka mikono juu ya kichwa, na mtu mmoja akashusha mchi wa kutwangia kwenye mkono wa kulia, uliokuwa juu. Nilisikia mfupa. Watu husema walisikia mfupa, mimi nilikuwa naona ni maneno tu. Unasikika kabisa. Akashusha tena.

Kisha tairi la kumchomea likaingia, likibingirishwa na mtu aliyekuwa anacheka. Nikajua baba yangu atakufa ndani ya dakika tano, uani kwake, kwa moto wangu. Na bado sikusema. Miguu yangu ilikuwa imelowa, nilikuwa nimejikojolea, na mikono iko kwenye kitenge.

Aliyesema alikuwa bibi mmoja muuza mihogo, Mkatoliki, mjane wa mfanyakazi wa reli, ambaye hakuwahi kukaa darasani. Alijipenyeza kati ya wanaume, akamnyang'anya mwenye kinu ule waya, akauweka kwenye kiganja chake na kuutazama.

"Mungojee kwanza," alisema, wala hakupaza sauti. "Ile kable yetu miye niliikokota na hii mikono. Ilikuwa munene, sawa hiki kidole kikubwa, ilinichuna ngozi. Hii iko kauzi kadogo. Hii haiko yetu."

Akapita na ule waya kwa mtu mmoja mmoja, akiwashikisha, hasa wanawake waliokokota naye. Wakaushika. Wakatazama viganja vyao. Kelele zikapungua upande mmoja wa ua, kisha upande mwingine. Mwenye tairi akalibingirisha kurudi lilikotoka. Mwenye kinu alibaki amesimama na fimbo yake, na baba chini ya miguu yake anatoa mapovu mekundu puani.

Nilimfikisha hospitali kwa mkokoteni wa muuza maji kwanza, kisha kwa teksi ambayo dereva wake alitandika gazeti kwenye kiti. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevunjika sehemu mbili, vidole viwili vimepondeka, mbavu tatu, meno manne. Muuguzi aliniuliza mimi nilikuwa wapi. Nikamjibu kwamba mwanamume mmoja alinikaba kwa nyuma na kuniziba mdomo. Jibu lilinitoka lenyewe, laini, kama nimelisoma. Jioni ile niliwaambia wajomba hivyo hivyo. Wiki iliyofuata nilimwambia mwalimu wangu, na kufikia hapo yule mwanamume alikuwa mrefu, ananuka tumbaku.

Nikaanza mchemraba upya. Watu waliniona shujaa, lakini kilichonisukuma kilikuwa hasira. Niliokota LED zilizopona uani, nikazipima moja moja kwa betri ya pikipiki, zilizokufa nikazisaga kwa kisigino. Nilinyoosha waya ule ule uliochomwa, kwani mwingine sikuwa nao. Nilikuwa nalehemu huku natukana. Mara mbili niliunyanyua niubamize ukutani, na mara zote mbili baba, kutoka kwenye mkeka wake, plasta mpaka kwenye kiwiko, aliniambia niuweke chini. Ulipowaka mara ya kwanza ulikuwa na ugonjwa: ukiita ghorofa ya tatu, ya nne nayo inawaka kidogo, hafifu, kama imesikia jina la mwenzake ikaitika. Siku nne niliitafuta. Kosa lilikuwa kwenye programu. Nilikuwa nafungua ghorofa mpya kabla sijaifunga kabisa ile ya zamani. Nikaongeza amri ya kuzima zote kwanza, na ugonjwa ukapona. Nikatetea kazi, nikafaulu. Mwalimu mmoja aliuliza kwa nini baadhi ya nguzo ni nyeusi. Nikamwambia limau liliniishia.

Plasta ilipotolewa, mkono wa baba haukukunjika. Vidole viwili vilibaki vimesimama. Alishika nyundo ndogo, akapiga bamba mara tatu, nyundo ikamponyoka ikaanguka mguuni. Akaiokota kwa kushoto, akaiweka mfukoni, akaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta.

Siku ya pili yake nilichukua nyundo kubwa, ile ya kunyooshea bamba, nikatoka nayo mchana peupe. Umeme ulikuwa umerudi, kinu kinanguruma, wanawake wamepanga foleni na mabeseni. Sikumsalimia mtu. Nilipiga kifuniko cha mkanda mpaka kikang'oka, nikapiga mdomo wa kinu, bati likabonyea, mahindi yakamwagika, wanawake wakakimbia na mabeseni vichwani. Mwenye kinu alitokea kwenye vumbi la unga. Nikampiga begani kwa nguvu zangu zote. Alianguka akakaa, mweupe mwili mzima, akanishika miguu kwa mkono mmoja, na sikuwa nimemaliza, nilikuwa nanyanyua tena nimpasue kichwa.

"Piga," alisema. "Mi sikatai. Nilikosa. Lakini niliuliza mara tatu, mutoto wa fundi."

Nikaizuia nyundo hewani.

"Mara tatu," alisema. Alikuwa analia, machozi yanachimba njia kwenye unga. "Na we ulikuwa pale mulangoni, hakuna muntu alikushika, nilikuona. Sisi bote tunakujua. Ungetutukana sawa siku zote, ungesema iko ya masomo, na tungekusikiliza. Nilikuwa nangojea ututukane."

Niliondoka na nyundo yangu. Hakuna aliyenizuia, wala polisi hakuletwa. Nilitembea nikiwa na unga kwenye nywele, na njia nzima nilikuwa namchukia mtu yule kwa chuki ambayo sijawahi kuwa nayo, kwa kuwa alikuwa amesema kweli.

Baba alikuwa bado kwenye kivuli. Aliona nyundo, akaona unga, akaelewa nilikotoka. Nikapiga magoti mbele yake. Nilitaka kusema yote, tangu mikono ndani ya kitenge mpaka yule mwanamume wa tumbaku ambaye hakuwahi kuzaliwa. Nilifika kwenye neno la kwanza tu.

"Papa, siku ile..."

"Siku ile we ulikuwa unafungua kinywa, mama," alinikatiza. Ananiita mama nikiwa mgonjwa, au akiniombea dua. "Nilikuona. Ulikuwa unataka kusema ni we. Njo maana mi nilikimbilia, nikasema mbele ya we kusema. Si vile?"

Alingoja. Mkono ule uko gotini, vidole viwili vimesimama.

"Ni vile, papa," nilimjibu.

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akaniambia nikaoge. Nami nikaenda nikaoga. Sikuwa nimefungua kinywa, na yeye anajua, kwa sababu kuanzia fimbo ya kwanza mpaka ya mwisho hakumtazama mtu mwingine yeyote uani pale ila mimi.